Ua la Mzee Kibanio

Hakuna aliyemwomba aliweke jani lile kwenye orodha. Hilo ndilo lililomtesa baadaye kuliko mengine yote. Profesa alimkabidhi majina arobaini na sita ya mimea ya jamii moja, asome vinasaba vya kila mmoja, avilinganishe, aone nani ndugu wa nani na waliachana lini. Arobaini na sita yalitosha kabisa. Yeye mwenyewe, kwa hiari yake, ndiye aliyeongeza la arobaini na saba.

Pale kwenye taasisi ya mimea walimwita Matone. Kwa miaka tisa kazi yake ilikuwa kudondosha kwenye vijichupa matone madogo ambayo jicho halikuyaona sawasawa, na mkono wake ulisifiwa maabara nzima. Wenzake walisema hata akipigiwa simu ya msiba, atamalizia safu kwanza ndipo alie.

La arobaini na saba lilikuwa ua la baba yake.

Baba yake, Mzee Kibanio, hakuwa profesa wala daktari wa chochote. Alikuwa mkusanyaji wa mimea katika taasisi hiyo hiyo kwa miaka thelathini na moja. Wasomi walikuja na kofia zao, yeye akawatangulia milimani na kile kibanio cha mbao mgongoni, kimejaa magazeti ya kukaushia majani, mpaka jina likamganda. Alijua mmea kwa kuupapasa, macho yakiwa kwingine. Lakini wasomi waliondoka na sifa, naye akabaki na malengelenge. Mara moja tu mambo yalikwenda vingine. Juu ya kilima cha mawe, mwendo wa saa mbili kutoka mjini, aliona mmea wenye majani ya manyoya na maua mekundu, ambao haukufanana na ule ndugu yake wa maua meupe uliojaa kila bonde. Msomi aliyekuwa naye alikuwa muungwana. Alipoutangaza kuwa spishi mpya, aliupa jina la Kilatini lenye jina la mkusanyaji wake ndani yake. Hivyo ndivyo Mzee Kibanio alivyoingia vitabuni.

Kwa ajili ya ua hilo kilima kilizungushiwa uzio. Kampuni moja ya kokoto ilikikodolea macho kwa muda mrefu, ikaomba kibali mara tatu, na mara tatu ikaambiwa hapana: mmea ule haupo mahali pengine popote duniani. Mzee alipostaafu alikuwa akienda kuutazama kila ulipochanua. Mkewe alisema mbele ya wageni, bila haya, kwamba yeye ameolewa ukewenza. "Mke mwenzangu anaishi kilimani. Hapiki, hafui, haulizi umetoka wapi, na bado ndiye anayevaliwa shati jipya."

Kwa hiyo Matone alipoona kwamba orodha ya Profesa haina ua la baba yake, alijisikia kama mtu aliyeona picha ya ukoo ambamo mzazi wake amekatwa. Akaenda kilimani siku ya mapumziko, akachuma majani matatu kutoka kwenye mashina matatu, akakata na vipandikizi vinne vya kuotesha, akarudi. "Nimeongeza moja, Profesa," alisema. Profesa, mama mnene mwenye sauti ya chini, aliangalia jina, akatabasamu. "La mzee wetu. Vizuri. Nilipaswa kulikumbuka mwenyewe."

Walichokuwa wakikisoma kwanza ni vinasaba vya kloroplasti, vile vichembe vya kijani ndani ya jani vinavyoupikia mmea chakula kwa mwanga wa jua. Vichembe hivyo vina maandishi yao wenyewe, mbali na yale makubwa yaliyo kwenye kiini cha seli. Ni masalio ya zamani sana, ya enzi ambazo mababu zao walikuwa vijidudu vinavyojitegemea, wakamezwa, na badala ya kusagwa wakageuka wapangaji wa kudumu. Maandishi yao hufunga duara, herufi kama laki moja na nusu, na ndani ya duara kipande kimoja kirefu kimeandikwa mara mbili, cha pili kikielekea kinyume cha kwanza. Tangu mimea ya maua ianze kuwapo, duara hilo limebadilika kwa mwendo wa konokono. Jeni moja moja limehamia kwenye kiini, mpaka wa kipande umesogea kidogo huku au kule. Kwa sababu halina haraka, ndilo linalofaa kuulizia ukoo.

Jibu lilitoka Jumatano asubuhi, chai ya Matone ikiwa bado inatoa moshi. Aliweka duara la ua jekundu la kilimani kando ya duara la ua jeupe la bondeni, akaiamuru kompyuta ihesabu tofauti. Ikahesabu. Hakukuwa na hata moja.

Kwanza alicheka. Ni wazi alikuwa amechanganya vijichupa. Akachukua jani la pili, akaanza upya tangu kusaga, siku tano. Likaja lile lile. Akachukua la tatu. Alipomaliza hakucheka tena. Alikwenda kusimama dirishani akatazama watu wakiegesha magari, asione hata gari moja.

"Usikimbilie kulia," Profesa alimwambia. "Kloroplasti ni urithi wa mama. Kwenye mimea mingi ya maua, chavua ya baba hailetei mtoto kichembe hata kimoja. Inawezekana zamani hizo ua jeupe lilizaa na ukoo mwingine, chavua ya ule ukoo ikarudi na kurudi, kiini chote kikawa cha upande wa baba, likabaki duara la mama peke yake. Tumeyaona hayo kwa mimea mingine."

"Kwa hiyo bado laweza kuwa spishi yake yenyewe."

"Laweza. Tutasoma kiini, ndiko majibu yaliko. Ila usinijengee ghorofa juu ya neno langu."

Alijenga. Wiki sita alilala na kuamka na ghorofa hilo. Alisoma kila taarifa aliyoipata juu ya mimea iliyobaki na kloroplasti za kuazima, akazipanga kwenye faili, kama mtu anayekusanya mashahidi.

Jumapili alikwenda kwa wazazi kama kawaida. Mzee alishasikia kwamba ua lake linasomwa, na Matone hakuwa amemaliza kuvua viatu.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Ua langu linasemaje?"

"Bado, Baba. Mashine ina foleni."

"Foleni? Kama benki?" Mzee aliangua kicheko, akamgeukia mkewe. "Umesikia? Majani nayo siku hizi yanapanga mstari."

"Huyo mke mwenzangu apange mstari," Mama alisema kutoka jikoni. "Mimi nimepanga miaka mingapi?"

"Wakichapisha niletee nakala," Mzee aliendelea. "Nitaisoma yote. Hata nisipoelewa nitaisoma."

Matone alisema ndiyo. Wakati wa chakula Mama alimtazama mara mbili, ya pili kwa muda mrefu. "Una nini wewe? Unachezea kijiko kama mtoto aliyepigwa." Akajibu ni kazi tu, kazi zimekuwa nyingi. Mama hakuamini, lakini alimwongezea wali tu.

Vile vipandikizi vinne, vitatu vilikufa. Cha nne kilishika kwenye nyumba ya vioo nyuma ya maabara, ndani ya chungu cha udongo wa kawaida. Mtunza bustani alikidekeza kama mgonjwa wa chumba cha peke yake. Asubuhi moja akaja mbio mpaka mlangoni pa maabara, mikono ina matope. "Dada Matone, njoo uone! Mgonjwa wako kafumbua macho!"

Alimfuata. Yule bwana alikuwa amejawa na furaha, akimsogezea kile chungu kwa mikono miwili. Majani ya zamani ya chini yalikuwa bado na manyoya. Majani mapya ya juu yalikuwa laini, yanateleza. Na ua lililofunguka lilikuwa jeupe pee.

"Zuri, sivyo?" mtunza bustani aliuliza.

"Zuri," Matone alisema. "Asante sana."

Ulikuwa ni udongo wa kile kilima, basi, na jua la yale mawe. Wekundu na manyoya vilikuwa vazi tu la mahali pale. Majibu ya kiini yalipokuja wiki iliyofuata hayakumshtua. Yalimkuta ameshakaa chini. Kwenye mchoro wa ukoo mimea ya kilimani ilikuwa imetawanyika katikati ya ile ya bondeni, kama watoto wa nyumba moja waliokaa popote penye nafasi. Haikuwa na tawi lake. Haikuwa na baba wa kutoka kwingine. Ilikuwa ni ua jeupe lililopanda mlima.

Aliingia ofisini kwa Profesa akafunga mlango.

"Naomba tulitoe lile la arobaini na saba."

Profesa alivua miwani. "Wenzetu wa taasisi tatu tunazoshirikiana nazo wana data zote tangu mwezi uliopita. Wameshaniandikia juu yake. Wanauliza lini tunatangaza kwamba jina linafutwa."

"Kama wasingekuwa nazo?"

"Kama wasingekuwa nazo ungeniomba?"

Matone aliona aibu, lakini hakudanganya. "Ningekuomba."

"Na mimi ningekukatalia, halafu nisipate usingizi." Profesa alipangusa miwani ambayo haikuwa chafu. "Baba yako ndiye aliyenifundisha kubana jani la kwanza maishani mwangu. Nililipinda, akanipiga kidole kwa penseli. Unadhani hili nalifurahia? Mwambie mwenyewe. Asije akalisoma kwenye makala."

Alimwambia Jumamosi, barazani, wakiwa wawili. Alijiandaa kuanza mbali, aeleze duara na kiini na chavua, lakini alipofungua kinywa maneno yalitoka yote kwa pamoja: kwamba si spishi, kwamba ni ua jeupe lile lile, kwamba wamerudia mara tatu.

Mzee alikuwa akichonga penseli kwa wembe, akaendelea kuichonga mpaka ikawa fupi.

"Jani nani alilipeleka?" aliuliza.

"Mimi, Baba."

"Walikutuma?"

"Hawakunituma. Nilitaka uwemo."

Alitikisa kichwa polepole, si kwa hasira, kama mtu anayejaribu kukumbuka bei ya kitu. "Haya," alisema. Kisha ghafla akazinduka kutoka mawazoni. "Na manyoya je? Miaka ishirini na miwili naliona lile ua, halijawahi kuchanua jeupe. Mvua, ukame, halijawahi!"

"Ukilihamisha linachanua jeupe. Nimeliona kwa macho yangu."

"Mmelitia udongo gani? Mmelitia mbolea?"

"Udongo tu, Baba."

"Udongo tu," alirudia. Akaweka wembe chini. "Na kilima?"

Matone aliinama, akaanza kuokota maganda ya penseli sakafuni.

Jumanne Mzee Kibanio alivaa suti aliyoagwa nayo kazini, akafunga madaftari yake kumi na manne kwa kamba, akaenda taasisi. Mlinzi wa getini alikuwa mgeni, hakumjua. Akamwandikisha kwenye kitabu cha wageni, akamuuliza anakwenda kumwona nani na kwa shida gani. Mzee akaandika: ua. Profesa alipomwona alisimama, akazunguka meza, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Matone aliitwa kutoka maabara. Alikaa kwenye kiti cha pembeni kama mshitakiwa.

Mzee alifungua madaftari. Tarehe, urefu kutoka usawa wa bahari, rangi ya ua, unene wa manyoya, nyuki gani alitua. Alisoma kwa karibu saa nzima na Profesa hakumkatiza hata mara moja. Kisha Profesa akafungua kompyuta, akamwonyesha mchoro wa ukoo, akamweleza kwa maneno mepesi na bila kumfanya mtoto. Mzee aliinama mpaka pua ikakaribia kioo.

"Hawa weupe mliwatoa wapi?" aliuliza. "Kuna wa ng'ambo ya mto?"

"Wapo, Mzee. Sita."

"Wa kule chini, kwenye udongo wa chumvi? Wale wafupi?"

"Wanne."

"Na jekundu mlichukua mashina mangapi? Yasiwe ya shina moja lililotambaa."

"Matatu," Matone alisema. "Na baadaye tukaongeza manane. Nilipima hatua ishirini kati ya shina na shina, kama ulivyonifundisha."

Mzee alirudi nyuma kwenye kiti. Matone alimwona akitafuta kosa, akizunguka ile kazi yote kama anavyozunguka nyumba mtu aliyepoteza ufunguo, akijaribu kila dirisha. Hakupata pa kuingilia. Alijua kazi, na alijua inapofanywa sawasawa.

"Mmeifanya vizuri," alisema.

Kama angetukana, Matone angejua pa kuliweka tusi lake. Neno hilo hakujua alipeleke wapi. Alitoka akaenda chooni, akafungulia bomba lipige kelele.

Aliporudi, baba yake alikuwa akiomba. Hakuwahi kumwona akiomba kitu. "Basi liandikeni jina lifutwe, sina neno. Lakini waambieni wakubwa kwamba sura ile iko kule peke yake. Iwe spishi isiwe spishi, haiko kwingine. Kilima kibaki."

Profesa aliandika barua siku hiyo hiyo, kurasa mbili nzito, akaitia saini. Wenzake watatu wakaongeza zao. Matone aliipeleka kwa mkono kwenye ofisi inayohusika, akagongewa muhuri wa kupokelewa. Akaanza kusubiri. Alipiga simu kila Jumatatu. Alijibiwa na sauti ya mwanamke mpole ambaye kila mara alimwambia faili liko mezani. Makala yao ilitoka mwezi wa pili wa kusubiri, jina la baba yake likiwa ndani yake mara moja, kwenye sentensi inayosema kwamba tangu sasa halitumiki. Alimpelekea nakala kama alivyoahidi. Mzee aliisoma yote, siku nne, kidole kikifuata mstari.

Jibu la barua lilikuwa na mistari mitatu. Sheria inalinda mimea iliyo kwenye orodha. Mmea uliotajwa umeondolewa kwenye orodha kwa ushauri wa wataalamu wa taasisi yenu. Tunawashukuru kwa ushirikiano.

"Wataalamu wa taasisi yetu ni nani?" Mama aliuliza alipoonyeshwa.

"Ni mimi, Mama," Matone alisema. Mama alimvuta akamkumbatia, huku akimpigapiga mgongoni kama anayemtoa mtoto mwiba wa samaki.

Walikwenda kilimani asubuhi ambayo mtu mmoja wa bondeni aliwapigia simu kwamba uzio unang'olewa. Walipofika, nguzo zilikuwa zimelazwa kando ya barabara kwa mpangilio mzuri, na mawe ya chini yalikuwa yamepakwa namba kwa rangi nyeupe. Kule juu maua yalikuwa yamechanua yote. Kilele kizima kilikuwa chekundu, hata kwa mbali ungedhani kuna nguo zimeanikwa.

Msimamizi wa kazi alikuwa kijana mwenye kofia ngumu na adabu zake. "Shikamoo, mzee wangu. Samahani, mwisho ni hapa kwenye utepe. Saa tano tunalipua."

"Marahaba. Naomba nusu saa tu nipande."

Kijana aliangalia saa, akaangalia suti ya Mzee, akajikuna shingo. "Nina ratiba, Mzee. Si yangu, ya wakubwa. Nakupa dakika ishirini. Ukisikia filimbi ushuke, tafadhali, nisije nikapoteza kazi."

Walianza kupanda. Baba yake, aliyekuwa akiwaacha wasomi wakihema nyuma yake, alifika theluthi ya njia magoti yakakataa. Alikaa juu ya jiwe lenye namba kumi na saba.

"Nenda wewe," alisema. "Una miguu."

Matone alikimbia. Alifika juu moyo ukimgonga masikioni, akasimama katikati ya yale maua, mfuko mtupu mkononi. Hakujua achukue nini. Mbegu zingeota nyeupe. Vipandikizi vingechanua vyeupe. Jani alikuwa nalo, herufi zake zote alikuwa nazo, laki moja na nusu za duara na mamilioni ya kiini, hakuna iliyokosekana. Alipapasa jani moja, manyoya yakamkwaruza kidole. Aliinama, akaanza kukusanya udongo kwa viganja, akaona upumbavu wa jambo hilo, akauacha umwagike. Filimbi ikalia huko chini. Alikaa mpaka ilipolia mara ya pili.

Baba yake alikuwa bado kwenye jiwe. Aliutazama mfuko.

"Hukuchukua."

"Sikuchukua, Baba."

"Ungechukua nini," Mzee alisema, na hakungoja jibu. Akampa mkono amvute asimame.

Walisimama nyuma ya utepe na wafanyakazi. Msimamizi aliwagawia vizibo vya masikio. Mzee alivikataa kwa kichwa. King'ora kikalia, kikanyamaza. Ardhi iligonga nyayo zao kutoka chini, mara moja, kama mtu anayebisha mlango, na ubavu wa kilima ukateleza taratibu kabla sauti haijawafikia. Kisha vumbi likapanda, likafunika kila kitu, jeupe. Matone alimshika baba yake kiwiko.

Vumbi lilipoanza kutua, Mzee alitoa kitambaa akajifuta uso, akakigeuza upande safi akampa bintiye.

"Kesho unaingia kazini saa ngapi?"

"Saa mbili, Baba."

"Basi twende," alisema. "Malori yakianza, hii njia haitapitika."